Kudra au uamuzi wako: namna ya kuchambua jambo lililokupata

Ubishi wa kudra na hiari ukiwaka pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba jijini Mwanza, hauishi, kwa sababu kila mtu anabishania maisha yote kwa mkupuo. Chukua tukio moja lenye tarehe. Tafuta karatasi, nusu saa na mtu aliyekuwepo ila hakupata hasara.

Andika tukio kwa sentensi moja isiyo na lawama: "Jumanne usiku tulirudi na ndoo mbili za dagaa." Ukiandika "Mungu alitunyima", umeshajibu kabla ya kuuliza.

Chora safu tatu. Kushoto weka yasiyo mikononi mwa binadamu, katikati yaliyo mikononi mwa wengine, kulia yako. Kazi kubwa ni kupasua, maana jambo moja mara nyingi ni mawili. Mbalamwezi ni ya kushoto. Kuingia ziwani usiku wa mbalamwezi ni ya kulia, kwa kuwa taa haivuti dagaa vizuri anga likiwa jeupe, na mwezi hautokei kwa kushtukiza. Mvua ni ya kushoto. Kuanika mchangani bila turubai karibu ni ya kulia. Upepo kushoto, kutoka bila maboya kulia. Bei ya mnunuzi iko katikati, lakini kumuuzia kwa sababu umeshakula fedha yake ya mkopo ni yako.

Safu ya katikati ndiyo husahaulika, na hasara yake ni kubwa. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, tarehe 20 Septemba 2018, kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101. Waliokufa walizidi 220. Abiria hakuwa na mamlaka juu ya idadi ya waliopakiwa. Walioendesha kivuko walikuwa nayo. "Siku zao zilifika" ni faraja ya matangani na ina heshima yake, ila haiwezi kusimama mahali pa uchunguzi.

Sasa pima safu ya kulia. Kila jambo liulize mara mbili: ningefanya vingine, matokeo yangebadilika? Na je, wakati ule nilijua, au ningeweza kujua? Likipata ndiyo mbili, libaki. Likikosa la pili, lifute. Wafiwa hujitesa hapa, wakijihukumu kwa habari walizozipata baada ya mazishi.

Kuna hoja itakayokuja kukuvuruga: "Kama imeandikwa nitapona, nitapona, niende hospitali ya Bugando nisiende." Ni ya kale. Chrysippus, mwanafalsafa wa Ugiriki wa karne ya 3 kabla ya Kristo, aliijibu kwamba kama kupona kumepangwa, basi na kwenda kwa tabibu kumepangwa pamoja nako. Waislamu, ambao kuamini kadari ni nguzo ya imani yao, wana jibu fupi zaidi: mfunge ngamia, kisha tawakali.

Msomi wa kijiwe naye, akidai hiari haipo, ataleta jaribio la mtafiti wa ubongo Benjamin Libet la 1983, ambapo dalili za ubongo zilitangulia kwa takriban theluthi ya sekunde kabla mtu hajahisi kwamba ameamua kusogeza mkono. Mwambie ilikuwa kukunja kifundo cha mkono tu. Anayenunua boya hufikiri wiki nzima.

Rudia zoezi kwa usiku uliovua vizuri. Ikiwa safu ya kulia imejaa siku ya faida na tupu siku ya hasara, hukuchambua kitu, ulijipamba. Yule mtu aliyekuwepo ila hakupata hasara yupo kwa ajili hiyo: mpe kalamu yeye.

Kushoto achia. Kulia chagua jambo moja la kurekebisha kabla ya giza lijalo, yaani siku za kuvua zisizo na mbalamwezi, lisizidi moja, kwani ukiorodhesha matano hutalishika hata la kwanza. Ya katikati yapelekeni kwenye kikao cha BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo wenu, yakiwa yameandikwa na yana tarehe.