Kabla ya chakula, angalia mashavu ya kamba wako

Mfugaji mpya wa kamba wa maji baridi huanza kwa kuuliza bei ya chakula. Mimi humuuliza maji yake yakoje.

Kamba anayefugwa zaidi, Macrobrachium rosenbergii, ana damu yenye chumvichumvi nyingi kuliko maji ya bwawa. Kwa hiyo maji humwingia usiku na mchana, na chumvi humtoka, nyingine kwa njia ya mkojo. Yule kamba mwekundu wa Ziwa Naivasha hurudisha chumvi yake mwilini kabla ya kukojoa. Huyu wetu hawezi. Mashavu yake, yaani matamvua anayopumulia, ndiyo hufidia: huvuta sodiamu, kloridi na kalsiamu kutoka majini, na kazi hiyo hula nguvu ambayo ingemkuza.

Wakati wa hatari ni anapojivua gamba. Kalsiamu nyingi ya gamba jipya hutoka majini kupitia mashavu hayohayo. Maji yakiwa na chokaa haba, gamba huchelewa kukomaa na wenzake humla akiwa bado laini. Pima ugumu wa maji, yaani wingi wa madini kama kalsiamu yaliyoyeyuka humo: miligramu 30 hadi 150 kwa lita zinamfaa, lakini ukizidi 300 ukuaji hudorora. Ukiwa chini, tandaza chokaa ya kilimo bwawa likiwa kavu. Chokaa iliyochomwa usiitie kamba wakiwa ndani, maana hupandisha pH (kipimo cha uchachu wa maji) ghafla na kuifanya amonia, sumu itokayo kwenye uchafu wa kamba, iwe kali zaidi.

Nitriti, sumu nyingine ya uchafu wa bwawa, nayo hupita mlango uleule wa kloridi. Katika maji yasiyo na chumvi karibu kabisa, mashavu huichukua kwa wingi. Chumvi kidogo ya kawaida huipunguza makali, ila chanzo cha nitriti ni chakula kilichobaki chini, kwa hiyo punguza ulishaji na ubadilishe sehemu ya maji. Mrututu (chumvi ya shaba) wa kuua konokono au mwani usiutie kabisa. Shaba huharibu utendaji wa mashavu.

Vifaranga hulelewa kwanza kwenye maji yenye chumvi ya kiasi cha gramu 12 kwa lita. Uliza kituo kinachokuuzia vifaranga kama wameshazoeshwa maji baridi, na kama bado, usiwapokee. Wakifika, acha mfuko uelee bwawani dakika 20, kisha ongeza maji ya bwawa kikombe kwa kikombe, asubuhi kabla jua halijawaka.