Namna ya Kupata Maneno ya Kiingereza ya Herufi Tano Yenye Jozi CK

Kwa mtu aliyelelewa katika Kiswahili, jozi ya herufi c na k ni kitu kigeni kabisa, kwa sababu katika tahajia yetu c haisimami peke yake bali huandamana na h tu, na silabi zetu nyingi huishia kwa irabu. Ndiyo maana socks ilipoingia kwetu iligeuka soksi, packet ikawa pakiti, jacket ikawa jaketi na rocket ikawa roketi: c ilidondoka njiani ikabaki k peke yake. Ugeni huo huwafanya wengi, wanapoketi kucheza Scrabble, mchezo wa kupanga maneno ubaoni kwa vigae vya herufi, au Wordle, mchezo wa kubahatisha neno la herufi tano kwa majaribio sita, wakariri orodha ndefu za maneno ambazo husahaulika baada ya wiki moja. Nimefundisha tahajia ya Kiingereza kwa muda wa kutosha kuamini kwamba kukariri si lazima, kwani jozi hii ina tabia zake, na anayezijua huyatoa maneno kichwani mwake mwenyewe.

Anza kwa kuchora visanduku vitano kwenye karatasi. Katika visanduku hivyo jozi ina nafasi nne tu za kukaa, na ya kwanza uifute papo hapo, maana hakuna neno la Kiingereza linaloanza na ck. Ikikaa katika kisanduku cha pili na cha tatu, utapata ackee, lile tunda ambalo Wajamaika hulipika pamoja na samaki wa chumvi, na baada ya hapo hutapata mengi, usipoteze muda. Ikikaa katika cha tatu na cha nne, kazi ni nyepesi: chukua neno la herufi nne kama lock, duck, sock au rock, kisha uliongezee s ya wingi, au uchukue luck, rock na pick uziongezee y ili upate lucky, rocky na picky. Kumbuka tu kwamba jibu la Wordle kwa kawaida haliwi wingi wa namna hiyo, ingawa mchezo hulikubali neno hilo kama jaribio.

Utajiri wenyewe uko mwishoni, jozi inapokaa katika kisanduku cha nne na cha tano. Hapo kisanduku cha tatu lazima kiwe na irabu, na viwili vya mwanzo karibu kila mara huwa na konsonanti mbili zinazoweza kuanza neno pamoja, kama bl, br, ch, cl, cr, fl, sh, sl, sn, st, th na tr, bila kusahau kn na wr ambazo herufi yao ya kwanza haitamkwi. Shika mwanzo mmoja, uupitishe kwenye irabu zote tano kwa zamu. St itakupa stack, stick, stock na stuck, na ni e pekee isiyotoa neno la kawaida. Fl itakupa flack, fleck, flick na flock. Tr itakupa track, trick na truck. Ukifanya hivyo kwa utulivu utakuwa na maneno zaidi ya thelathini kabla chai haijapoa, na yatakayobaki nje ni machache, kama aback na alack, ambayo huanza kwa irabu.

Kwa nini irabu iwe moja tu? Jambo hili linastahili kueleweka vizuri, kwa kuwa linaokoa makosa mengi. Ck ni ishara kwamba irabu iliyotangulia ni fupi. Irabu ikiandikwa kwa herufi mbili, hufuatwa na k peke yake, na ndiyo tofauti ya clock na cloak, ya check na cheek, ya speck na speak. Irabu ikirefushwa na e ya mwisho isiyotamkwa, c huondoka vilevile: snack hugeuka snake, stack hugeuka stake. Baada ya konsonanti pia c haina kazi. Mwanafunzi wangu mmoja aliandika drinck ubaoni, na nilipomwomba aweke kidole juu ya herufi iliyotangulia c, akaiona n, akaifuta c mwenyewe bila kuambiwa. Quick na quack hazivunji kanuni, kwa sababu u baada ya q hutamkwa kama w. Neno linaloivunja kweli ni hoick, lenye maana ya kuinua kitu kwa ghafla, na hulikuti mara nyingi.

Katika Scrabble ya Kiingereza jozi hii ina thamani kubwa: c ni alama 3 na k ni alama 5, hivyo quick peke yake ina alama 20 hata kabla ya kuhesabu nyongeza za ubao. Hata hivyo, vigae vya c ni viwili na cha k ni kimoja tu, kwa hiyo clock na check zinawezekana kwa vigae vya kawaida, ilhali knock haiwezekani bila kigae kitupu, kile kinachosimama badala ya herufi yoyote.

Katika Wordle, hatari huja pale unapokuwa umeshathibitisha ick mwishoni. Yanabaki hasa brick, prick, crick, trick, stick, thick, chick, click, slick, flick na quick, na ukiyajaribu moja moja nafasi sita zitakwisha. Tumia jaribio moja kuandika filth. F ikiwaka, yaani mchezo ukionyesha kwamba imo katika neno, jibu ni flick. L peke yake ikiwaka, ni click au slick. T na h zikiwaka pamoja, ni thick. H peke yake, ni chick. T peke yake, ni trick au stick. F, l, t na h zote zikizimika, umebakiwa na brick, prick, crick na quick. Anayecheza katika hali ngumu hataruhusiwa kufanya hivyo, kwa kuwa hulazimika kurudia herufi alizokwisha kuzithibitisha. Huyo aanze na trick, inayopima t na r kwa pamoja.