Unataka haibridi iliyotumika ili upunguze mafuta? Angalia haya kabla hujatoa hela

Kama mafuta yamekuchosha na umeamua uchukue haibridi used (gari yenye injini ya mafuta na mota ya umeme pamoja), sikukatazi ndugu yangu, mimi mwenyewe hiyohiyo ndo ilinipeleka huko. Ila kaa chini kwanza ujue safari zako ni za wapi. Haibridi inakuokolea mafuta mjini kwenye foleni, simama twende simama twende, manake ukikanyaga breki ile mota inageuka jenereta inarudisha umeme kwenye betri, na ukisimama injini inazima. Kwenye barabara kuu, spidi kubwa masaa mawili bila kugusa breki, hapo injini ndo inabeba kazi karibu yote na unachookoa kinapungua sana. Kwa hiyo kama wewe ni mtu wa safari ndefu kila siku piga hesabu upya.

Karatasi za umiliki, namba ya chasisi, kilomita zinazofanana na uchakavu wa usukani na pedeli, tairi, bodi: haya unayajua, yafanye.

Oili usiulize kwa mdomo, vuta kijiti uone mwenyewe.

Injini ifikie ikiwa ya baridi. Mwambie muuzaji kabisa kwenye simu asiiwashe mpaka ufike, halafu ukifika gusa boneti. Toyota Prius ya kizazi cha tatu, ile iliyotoka 2009 yenye injini ya 1.8, inajulikana kwa njia ya EGR (ile inayorudisha sehemu ya moshi wa ekzosi kwenye injini) kuziba masizi mpaka gasketi ya silinda hedi inaungua, na dalili yake ya kwanza ni injini kutetemeka vibaya ikiwaka asubuhi alafu baada ya muda inatulia kama hamna kitu. Ukiikuta tayari ina moto hutaiona hiyo.

Kulanti, yaani maji ya kupoozea, ziangalie zote mbili. Nyingi zina ya injini na ya inveta (kifaa kinachobadilisha umeme wa betri uendeshe mota), kila moja na kopo lake. Kwenye hizi za Toyota za zamani kidogo fungua kifuniko cha kopo la inveta gari ikiwa imewashwa, neno READY limewaka kwenye dashibodi, maji yanatakiwa yaonekane yanacheza. Yametulia tuli? Pampu imekufa, na inveta sio kifaa cha kubahatisha.

AC uliza nani alijaza gesi mara ya mwisho. Kompresa ya nyingi ya hizi gari inaendeshwa na umeme wa betri kubwa, ile ya mota, ina oili yake maalumu isiyopitisha umeme, fundi akiweka ile ya gari za kawaida umeme unaanza kuvuja na gari inaweza kugoma kabisa.

Sasa betri kubwa. Hapa naomba usome taratibu.

Mimi nilifika kwa muuzaji asubuhi, gari imeoshwa, imeshawashwa, AC inapuliza baridi, dashibodi haina taa hata moja. Tukazunguka kama dakika 10 barabara tambarare, betri kwenye skrini imejaa, nikalipa. Hazikupita wiki mbili, mchana wa jua kali, tupo watu wanne tunapanda mlima, nikaona vile vistari vya betri vinashuka kutoka sita hadi viwili ndani ya muda mfupi mno, nyuma kwenye kiti kuna feni inavuma kama mashine ya kukaushia nywele, injini haipumziki. Tukafika juu kwenye foleni, vistari vikapanda vikajaa fasta. Nikafurahi nikajua inachaji vizuri! Kumbe kushuka haraka na kujaa haraka ndo dalili yenyewe ya betri iliyochoka, haibebi tena mzigo. Kesho yake ikawaka pembetatu nyekundu, kwenye mashine ya kusoma makosa ya gari ikatoka kodi P0A80, maana yake betri inataka kubadilishwa.

Fundi akaniambia ni seli moja tu, akaitoa akaweka nyingine, taa ikazima. Nikatembea wiki tatu. Ikawaka tena, seli nyingine. Ikaja ya tatu. Ndo nikaenda kwa fundi mwingine, yule hakupima chochote kwanza, aliuliza tu "feni mmeifungua?" Hakuna aliyewahi kuifungua. Akang'oa kava pembeni ya kiti cha nyuma, akatoa feni akaniwekea mkononi. Mapanga yake yalikuwa yamevaa vumbi limeshikana nene kama sufi, na nyuzi za kitambaa cha kiti na nywele, hata hewa ya kupita hamna. Ile betri inapozwa na hewa inayovutwa kutoka humu humu ndani mnapokaa, na joto ndo linaloiua. Seli zote zilikuwa zimepikwa miaka na miaka, ukibadilisha moja dhaifu inayofuata ndo inajitokeza, manake zimefungwa mfululizo na ile mpya hailingani na wenzake wazee. Prius za kawaida zina vipande 28 kwenye betri moja (ndo hivyo mafundi wanaviita seli), Toyota Aqua vipo 20, utabadilisha mpaka lini? Nikanunua betri nzima. Mafuta yote niliyookoa na zaidi yakaishia hapo.

Kwa hiyo wewe fanya hivi. Nenda na fundi anayefanya haibridi kila siku, na mashine inayosoma volti za betri kubwa sehemu kwa sehemu, msome mkiwa mnatembea, mnakanyaga mafuta, mnapanda mlima, sio gari imepaki. Sehemu moja ikizama peke yake wakati nyingine zimesimama, acha. Endesha karibu saa nzima, mchana wa joto, mjaze watu. Fungua feni mbele ya muuzaji, akikataa ondoka. Uliza betri imewahi kubadilishwa, nzima au seli, na risiti iko wapi.

Na muulize fundi kama makosa yaliyohifadhiwa kwenye kompyuta ya gari yamefutwa karibuni. Kompyuta ya gari ina vipimo inavyojifanyia yenyewe ukiwa unaendesha, mtu akifuta hayo makosa navyo vinarudi mwanzo, kwa hiyo mashine ikikwambia vipimo vingi bado havijakamilika ujue kuna mtu kafuta au kachomoa betri ndogo, na mara nyingi ni kwa sababu wewe unakuja. Yangu nina hakika ilikuwa hivyo, sikuwa na mashine siku ile tu.

Hiyo betri ndogo ya volti 12 nayo ipime, ikiwa dhaifu inawasha mataa ya ajabu na watu wanakimbilia kulaumu betri kubwa bure. Ukiboosti usikosee plasi na mainasi hata sekunde.

Mengine ni uangalifu wa kawaida. Gari iliyolowa maji ya mafuriko usiisogelee hata kwa nusu bei, vuta mkanda wa usalama mpaka mwisho utaona tope. Waya za rangi ya chungwa, zile za umeme mkubwa, usiruhusu fundi wa kawaida aguse. Ukishanunua usiipaki miezi bila kuiwasha, usiache mafuta yaishe kabisa, usirundike mizigo mbele ya tundu la hewa la betri pale kwenye kiti. Na kabla hujaondoka na funguo fungua buti uangalie kama kuna tairi ya spea, manake nyingi zinakuja na pampu ndogo na kopo la dawa ya kuziba pancha basi.