Siku ya skuta kwa wagema wa Kigamboni

Tembo la mnazi, pombe ya utomvu wake, halimngoji mtu. Ndiyo maana safari hii naipanga kwa saa ya mgema. Yeye hupanda alfajiri na jioni, na ukichelewa kitandani utakuta kibuyu kimeshateremshwa, utamu unakatika. Tukutane Feri, Dar es Salaam, upande wa Magogoni, saa kumi na mbili kasoro robo, mafuta yamejaa na upepo wa matairi umepimwa tangu jana.

Naongoza skuta nne, hazizidi. Ya tano huachwa mchangani bila mimi kujua. Kila mtu na kofia ngumu yake, imefungwa chini ya kidevu. Kwenye pantoni zima injini, shuka, ushikilie breki mpaka ng'ambo, maana ile sakafu ya chuma ikilowa huteleza.

Tunapita Mjimwema mpaka Gezaulole, jina la Kizaramo, yaani jaribu uone. Lami haina shida. Kazi iko pale tunapoiacha na kuingia minazini, kwa sababu gurudumu la skuta ni dogo na mchanga hulimeza. Punguza mwendo kabla hujauingia. Ukishaingia, shika mafuta yaleyale, macho yatazame mbali, breki ya mbele usiiguse. Mkia ukianza kucheza, legeza mikono, utatulia wenyewe. Ikikataa kabisa, shuka usukume. Si aibu.

Kwa mzee wangu, yule mgema, tunapiga hodi kwanza. "Shikamoo babu," halafu subirini pembeni. Chini ya mnazi hakai mtu. Mtazame anavyokwea kwa kukanyaga kata zilizochongwa shinani, kotama, kisu chake cha kugemea, kiunoni. Kule juu karara, ala ya maua ya mnazi, limefungwa kamba lisifunguke. Analikata ncha, kipande chembamba kama ganda la kitunguu, na maji yanaanza kudondoka tone kwa tone. Akikata nene, karara huisha mapema. Naweza kumwangalia asubuhi nzima.

Akishuka huchuja nyuki na sisimizi kwa kitambaa. Tembo la asubuhi ni jeupe kama maji ya kuoshea mchele, tamu, na tayari lina povu, kwani huanza kuchachuka lenyewe tangu linapodondoka. Mchana linakuwa kali. Siku chache mbele ni siki. Kwangu anayeendesha haonji hata funda, liwe tamu namna gani. Wa kubebwa nyuma na aonje. Sisi wengine tunajaziwa madumu, tutakunywa nyumbani.

Dumu lisijae, robo ibaki wazi, na kifuniko kilegezwe. Zamani nilikikaza, nikaliweka chini ya kiti. Kabla sijafika darajani kifuniko kiliruka, na kiti kilinuka chachu wiki nzima. Sasa nalisimamisha katikati ya miguu.

Kurudi nakwepa foleni ya pantoni. Tunapita Kibada na Daraja la Nyerere, lililofunguliwa 2016, mita 680 juu ya maji hadi Kurasini. Kaa kushoto, shika usukani vizuri. Upepo wa bahari pale husukuma kwa ubavuni.

Ukifika, usilinywe lote. Glasi moja ikorogee unga wa mchele badala ya hamira, funika mpaka uumuke, upike vitumbua.