Pleilisti ya pamoja kwa harusi ya koo mbili: mwongozo wa dijei wa Moshi

Desemba ikifika, Moshi inajaa. Watu wanapanda nyumbani kutoka Dar es Salaam, Nairobi na ng'ambo, na kila Jumamosi kuna sherehe. Siku hizi si ajabu bibi harusi akawa wa Machame na bwana harusi akatoka nchi ambayo nusu ya kamati haijawahi kufika. Hapo dijei hawezi kutegemea nyimbo anazozijua peke yake. Inabidi koo zote mbili ziulizwe, na njia nyepesi ni pleilisti moja ambayo kila mwalikwa anaweza kuongeza nyimbo kutoka simu yake.

Mwongozo huu ni wa dijei mwenzangu, au mwanakamati aliyekabidhiwa "mambo ya muziki". Mfano nitakaorudia ni wa sherehe niliyopiga hapa mjini: mke wa Machame, mume wa Accra, Ghana, na ndugu wengine wakiwa London.

Hatua ya 1: Anza na ratiba

Kabla hujafungua pleilisti yoyote, kaa na MC na katibu wa kamati mpate mtiririko wa shughuli: kuingia kwa wazazi, kuingia kwa maharusi, shampeni, keki, ndafu, utambulisho, chakula, zawadi, kisha muziki wa wote. Ukishaupata, swali lako kwa watu linakuwa moja: wimbo wako upigwe wakati gani? Ukiwauliza wanapenda nini utaletewa nyimbo mia zinazogombana. Ukiwauliza wakati gani, kila wimbo unakuja na kiti chake.

Ratiba hiyo iandike kwa lugha ya pande zote mbili, tena uifafanue. Ndugu wa Accra hawakuwa wanajua ndafu ni nini. Tukawaeleza: ni mbuzi mzima wa kuchoma, anaingizwa ukumbini kwa shangwe, wapishi wanacheza naye hadi mbele ya wakwe. Siku ileile mjomba wa bwana harusi akaleta hailaifu, muziki wa dansi wa kwao Ghana, ya zamani iliyojaa tarumbeta. Hailaifu imetokana kwa sehemu na bendi za matarumbeta za pwani ya Ghana enzi za ukoloni, na Mchaga yeyote aliyewahi kufuata msafara wa harusi unaozunguka keepi lefti ya mnara wa saa akiisikia tarumbeta mguu unaondoka wenyewe. Asingeambiwa maana ya ndafu, wimbo ule usingefika kwetu.

Hatua ya 2: Chagua mahali pa kukusanyia

Spotify ilifunguliwa rasmi Tanzania mwaka 2021, na ndugu walioko ng'ambo wengi wanaitumia. Ndugu wa hapa, hasa wazazi, wengi wako YouTube. Mimi nafungua sehemu zote mbili, kisha naunganisha mwenyewe.

Kwenye Spotify, tengeneza pleilisti, gusa alama ya mtu yenye jumlisha, kisha tuma kiungo. Kiungo hicho cha mwaliko kinaisha nguvu baada ya siku 7, kwa hiyo kitume upya kila wiki, la sivyo mtu atakibonyeza kikatae na akuone umemkataa yeye. Kwenye YouTube, iweke orodha ionekane kwa mwenye kiungo tu, washa ruhusa ya washirika, tuma kiungo. Mshiriki lazima awe ameingia kwenye akaunti yake.

Jua pia kwamba kwenye Spotify aliyealikwa anaweza kufuta na kupangua, siyo kuongeza tu. Kila jioni nakili orodha nzima kwenye pleilisti yako ya siri.

Hatua ya 3: Andika mwaliko unaoeleweka

Kiungo kitupu kwenye grupu la WhatsApp kinapotea kati ya michango na picha za vitenge. Andika hivi:

"Shikamooni wakubwa, habari za jioni wengine wote. Tunakusanya nyimbo za sherehe ya watoto wetu. Kila mmoja aweke nyimbo tatu tu: moja ya kuwapokea maharusi, moja ya wakati wa zawadi, moja ya kucheza na wakwe. Ukishaweka, niandikie hapa ni ya wakati gani. Asiyeweza kuweka anitumie jina la wimbo, au auimbe kwa sauti, nitautafuta. Mwisho ni Jumapili."

Kikomo cha nyimbo tatu ni cha lazima. Bila hicho, kijana mmoja mwenye bando atamwaga albamu nzima usiku wa manane, na mama wa bibi harusi akifungua asubuhi haoni pa kuingilia. Kule grupu la ndugu wa Ghana aliandika dada wa bwana harusi mwenyewe, kwa salamu zao na utaratibu wao. Usiingie grupu la wakwe kutoa maagizo, tafuta mtu wa ndani.

Hatua ya 4: Wafuate wasiokuwa mtandaoni

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote. Watu wenye nyimbo nzito zaidi katika ukoo, yaani bibi, mama wakubwa, wazee wa kwaya, mara nyingi hawatagusa kiungo chako. Ukiwaacha, utapata pleilisti ya vijana wa umri mmoja wenye mitandao ileile.

Mpigie simu mjukuu anayekaa na bibi. Bibi asimulie, mjukuu arekodi. Katika sherehe ninayoisema, bibi alituma ujumbe wa sauti akiimba beti moja kwa Kimachame, kuku wakisikika nyuma, halafu akasema, "Huu tuliimba mama yako alipoolewa." Jina la wimbo halijui, mwimbaji hamjui. Tangu mwaka 2020 Google ina sehemu ya kutafuta wimbo kwa kuupigia mluzi au kuuimba, nayo hunisaidia sana kwa nyimbo za redio. Kwa nyimbo za kwaya za usharikani sijawahi kuitegemea. Hizo peleka sauti kwa mwalimu wa kwaya wa usharika husika, atakutajia jina, na pengine ana rekodi yake. Isipopatikana kabisa, muombe mjukuu arekodi akinamama wenyewe wakiimba, sehemu tulivu, simu ikiwa karibu na mdomo. Sisi tulifanya hivyo, na shangazi wa London, aliyekuwa anafuatilia pleilisti kutoka mbali, akaomba tafsiri ya beti ile ili aijue kabla hajaisikia ukumbini.

Hatua ya 5: Kagua kila wimbo kwa masikio ya pande zote

Ondoa zilizojirudia. Angalia rimiksi na rekodi za jukwaani, maana kelele za mashabiki zinaharibu maingizo. Sikiliza hadi mwisho. Matusi hupenda kukaa ubeti wa tatu.

Kisha chagua mtu mmoja kila upande wa kukusikilizia nyimbo za lugha usiyoijua. Muulize mambo matatu: unasema nini, kwenu unapigwa wapi, nani akiusikia ataumia. Wimbo unaweza kuwa na biti la kuchangamka huku maneno ni ya msiba. Na nyimbo zetu nazo zinahitaji maelezo. Kwaito, kwa mfano, ilizaliwa Afrika Kusini miaka ya 1990, lakini huku imegeuka kuwa uchezaji wa kujipanga mistari harusini, wote mnageuka pamoja. Mgeni akiambiwa "sasa ni kwaito" anategemea muziki fulani, halafu anaona ukumbi mzima unageukia ukutani. Tafuta video fupi ya uchezaji huo, itume grupuni wiki mbili kabla. Wakwe wakifika wameshajifunza hatua, nusu ya kazi yako imekwisha.

Hatua ya 6: Panga kwa kusuka

Usipige nusu saa ya upande mmoja kisha nusu saa ya upande wa pili. Utawakalisha watu kwa zamu. Tafuta kwanza muziki ambao koo zote mbili ziliujua kabla hazijakutana, uutumie kama daraja. Kwa watu wazima wa Afrika, mara nyingi daraja hilo ni rumba ya Kongo, ambayo UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2021. Nikitoka hailaifu naingia rumba, sebene (ile sehemu ya rumba ya magitaa ya kuchangamka) likichanganya natua kwenye mduara, na hakuna mzee aliyelazimika kurudi kitini.

Wakati wa zawadi weka nyimbo ndefu. Foleni ya watu wanaokwenda kutuza haijui dakika tatu, na wimbo ukikatika katikati, waliobaki nyuma wanatembea kama wanakwenda benki. Sebene linafaa kwa sababu gitaa linaweza kuzunguka muda mrefu bila watu kuchoka. Singeli iache mwisho, wazee wakishaaga.

Hatua ya 7: Hamisha muziki uwe mikononi mwako

Pleilisti ya pamoja ni ya kukusanyia. Ya kupigia ni nyingine. Masharti ya Spotify yanaruhusu matumizi binafsi tu, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki juu ya upigaji wa hadharani. Kwa hiyo nunua nyimbo zilizochaguliwa, na mapema uliza COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, utaratibu wa kibali kwa ukumbi wako. Ziweke kwenye laptopu, nakala kwenye flashi mbili. Mtandao ukizidiwa ukumbini, au umeme ukikatika na jenereta ikachelewa kushika, hutakuwa unasubiri duara lizunguke kwenye kioo.

Siku mbili kabla, zima ruhusa ya washirika na utangaze grupuni kwamba orodha imefungwa. Maombi ya ukumbini yapitie kwa watu wawili, mmoja kila upande, wala yasije mezani kwako kwa karatasi.

Hatua ya 8: Baada ya sherehe

Ifungue tena. Ongeza nyimbo zilizopigwa ambazo hazikuwemo, pamoja na kiungo cha rekodi ya akinamama kama wenyewe wameridhia, halafu mkabidhi bibi harusi usimamizi wake. Ile ya Machame na Accra bado inaongezwa nyimbo. Juzi imeingia ya kumbembelezea mtoto, imewekwa na upande wa Ghana, na kwenye grupu la huku wameshaanza kuuliza maneno yake.