SOMO: Ukienda Accra peke yako, soma hapa kabla ya kunijia PM (ujumbe wa faragha)

Wakuu, somo hili nimeliandika ili nipumzike. Kila anayepata tiketi ya Ghana ananijia PM na swali lile lile: "Vipi huko, kuko salama?" Accra ni jiji kubwa kama Dar. Kuna mtaa unatembea saa tano usiku huku unakula ndizi za kukaanga, na kuna kona simu inapeperuka mchana kweupe na watu wakitazama. Nazungumzia Accra tu. Lagos na Abidjan waulizeni waliokaa huko.

Jambo moja kabla ya yote. Ukiwa Mwafrika mwenzao, Accra hakuna anayejua kuwa wewe ni mgeni mpaka ufungue mdomo. Mzungu anaitwa "obroni" kila kona; wewe konda anakuchapia Kitwi bila kusita. Hiyo ni kinga ya bure, na hatua nyingi hapa chini ni namna ya kutoitupa.

1. Chanjo ya homa ya manjano. Ichome angalau siku 10 kabla ya safari, kadi ikae ndani ya pasipoti. Uwanja wa ndege wa Accra wanaiangalia, na ukirudi nyumbani utaulizwa tena.

2. Malaria. Ipo mwaka mzima. Mliokulia Arusha au Nairobi msijidai wazoefu, mwoneni daktari awape dawa za kinga.

3. Panga kufika mchana. Jua linazama mnamo saa kumi na mbili jioni miezi yote, na saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu. Giza likiingia kule, mwili wako unadai ni saa tatu usiku, na mtu aliyechoka ndiye anayemkubali dereva wa teksi wa kwanza kumshika mkono.

4. Laini ya simu. Nunua kwenye duka la kampuni ya simu yenyewe, kwa pasipoti yako. Laini "iliyosajiliwa tayari" ya barabarani ni ya mtu mwingine, akiidai unabaki bila mawasiliano. Pesa za simu wanaziita MoMo. Yule wa "nimekosea nimekutumia hela, nirudishie" yupo na huko, na dawa yake unaijua.

5. Simu mbili. Kiswaswadu mfukoni kwa barabarani, ile kubwa ndani ya begi la kifuani. Sehemu ya kuwa macho zaidi ni mzunguko wa barabara wa Kwame Nkrumah Circle, wenyewe wanaiita Circle tu: magari, wauza simu, wapiga debe na vibaka wote wamepakana hapo. Masoko ya Makola na Kaneshie nayo, kwa sababu ya msongamano. Ukiwa kwenye foleni usishike simu karibu na dirisha lililo wazi. Ramani isome kabla hujatoka dukani au hotelini, usiisome katikati ya njia ukizungukazunguka kama kuku mgeni.

6. Usafiri. Trotro ni daladala yao. Konda anaitwa "mate", na anaita abiria "Circ-Circ-Circ!" mpaka sauti inakauka. Mchana panda bila wasiwasi, nauli wanalipa wote sawa, tazama jirani yako anatoa ngapi. Ukitaka kushuka sema "mate, bus stop!" Teksi za barabarani zina madigadi ya rangi ya njano na hazina mita, kwa hiyo bei ipatane ukiwa bado nje, mlango umefungwa. Ukisikia "dropping", maana yake unaikodi peke yako na bei inapanda. Sema mapema kama unataka ya kuchangia. Ukiita gari kwa programu, linganisha namba ya gari na ya kwenye skrini kabla ya kushika kitasa. Dereva akikupigia akakuomba ufute safari mpatane pembeni, kataa. Ukishafuta, hakuna rekodi ya gari wala ya dereva, na bei atakutajia mkiwa katikati ya barabara.

7. Mitaro. Mtacheka, lakini wageni wanaumia humu. Mitaro mingi Accra iko wazi, mirefu kwenda chini, na pengine kibao cha kuvukia kimeondolewa. Umeme ukikatika (wanaita dumsor) huioni kabisa. Tembea na tochi ndogo. Mvua kubwa zinafika kilele Mei na Juni, na maji yakianza kupanda usijikinge bondeni karibu na mto Odaw, tafuta ghorofa. Tarehe 3 Juni 2015, pale pale Circle, watu walijikinga mvua kwenye kituo cha mafuta. Mafuriko na mlipuko vikaua zaidi ya watu 150 usiku mmoja.

8. Bahari. Hapa nakaa, kwa sababu hapa ndipo palipotaka kunizika.

Nimekulia Tanga, maji nimeyazoea tangu utotoni. Ufukwe wa Labadi, hapo hapo Accra, nikaingia mpaka mapajani, nikachagua mahali palipotulia kuliko kwingine: kulia mawimbi yanavunjika meupe, kushoto yanavunjika meupe, katikati maji yamelala, rangi ya mchanga uliovurugwa. Nikasema hapa ndipo pangu. Maji yakarudi yakachota mchanga chini ya nyayo, nikakaa kitako, na nilipotaka kusimama miguu haigusi kitu. Kumbe pale palipolala ndipo penye njia ya kutokea. Maji yote yanayomwagwa pwani na mawimbi lazima yarudi baharini, na yanarudi kwa kasi kupitia mfereji kama ule. Mimi nikaogelea kuelekea ufukweni kwa nguvu zote, na ufukwe unazidi kwenda mbali. Aliyeniokoa ni kijana mmoja wa kukodisha farasi. Hakuingia majini, alikimbia sambamba nami huku akinionyesha kwa mkono wote: pembeni, pembeni! Nilipoelekea pembeni, hatua chache tu, mkondo ukaniachia na wimbi likanisukuma nje lenyewe.

Kwa hiyo:
- Usiingie peke yako, usiku, wala baada ya bia. Mwisho magotini.
- Bendera nyekundu ikiwa juu, kaa mchangani.
- Mahali palipotulia katikati ya mawimbi pakimbie.
- Ukichukuliwa, usishindane na mkondo. Elea, inua mkono, ogelea sambamba na ufukwe mpaka utoke, ndipo urudi.
- Ukimwona mwenzio anachukuliwa, usimrukie. Mtupie dumu tupu au chochote kinachoelea, upige kelele.

9. Waongozaji wa kujipachika. Jamestown kwenye mnara wa taa, Black Star Square, Labadi. Anakuuliza jina, dakika tano baadaye una bangili yenye jina lako na "ni zawadi tu, brother". Ukimtaka kijana akutembeze Jamestown ni vizuri sana, wanaijua historia ya ngome za zamani za hapo. Taja bei kabla ya hatua ya kwanza.

10. Kamera na mavazi. Usipige picha wanajeshi, polisi, wala Jubilee House, ikulu yao. Nguo ya madoa ya jeshi iache nyumbani, raia haruhusiwi kuivaa.

11. Namba. Dharura 112. Polisi 191, zimamoto 192, gari la wagonjwa 193. Ziandike kwenye karatasi pia.

Maswali yaje hapa, PM nimefunga.

---

Mtoto_wa_Tandika: Mkuu somo refu, kwa kifupi ni salama au sio salama?

Mwandishi: Soma.

Mtoto_wa_Tandika: Niko bize mkuu.

Mwandishi: Basi usiende.

KapteniKigamboni: Hiyo namba 8 umeikuza. Sisi watoto wa pwani tunaogelea tangu tukiwa wadogo. Labda wewe hukuwa unajua vizuri.

Mwandishi: Sawa kapteni. Namba ya gari la wagonjwa ni 193.

Nahodha_Mstaafu: Mimi nauliza kwa kutaka kujua tu, kaka. Kwa nini bahari yao iwe tofauti hivyo? Mkondo wa kurudi upo hata kwetu.

Mwandishi: Swali zuri, mzee wangu, shikamoo. Upo, lakini kwetu sehemu nyingi kuna mwamba wa matumbawe mbele. Ukisimama Paje au Diani unaona mstari mweupe kule mbali: bahari kuu inapigana na mwamba, huku ndani tunabakiwa na maji ya kuoshea miguu. Accra hakuna mwamba huo. Mawimbi yanayozaliwa kusini kabisa ya Atlantiki yanasafiri bila kizuizi mpaka kwenye mchanga, makubwa zaidi katikati ya mwaka, hata siku isiyo na upepo. Halafu sisi tumezoea kuisoma bahari kwa kujaa na kupwa. Zanzibar wakati wa bamvua maji yanapishana hata zaidi ya mita tatu, unaona fungu lilipo, unaona mkondo ulipo. Kule tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, haifiki hata nusu ya hapo, kwa hiyo sakafu ya bahari haijifichui ukaiona. Waangalie wavuvi wa kabila la Ga, wenyeji wa Accra, wanavyosukuma mitumbwi yao: wanasimama wanahesabu mawimbi, wanasubiri, kisha wanaingia wote kwa pamoja.

Nahodha_Mstaafu: Marahaba. Nimekuelewa. Hapo kwenye kuhesabu mawimbi ningekaa nao siku nzima.

DhahabuSafi255: Mkuu nimepata mtu wa Accra mtandaoni, ana dhahabu kilo mbili bei ya chini sana, anataka nitangulize hela ya karatasi za kusafirishia. Nikifika nitampataje kwa usalama?

Mwandishi: Hutampata.

DhahabuSafi255: Lakini ana ofisi na cheti, amenitumia picha. Wewe mbona unakatisha watu tamaa?

Mwandishi: Tangu Mei 2025 mgeni haruhusiwi kununua dhahabu kwenye soko lao la ndani. Kuna chombo cha serikali, GoldBod, ndicho chenye kazi hiyo. Kwa hiyo huyo ama ni tapeli, ama anakuingiza kwenye kosa la jinai ugenini. Dhahabu haina bei ya kutupa popote duniani. Ukituma hela usirudi hapa kuanzisha uzi.

BintiChaani: Kaka asante. Mimi ni mwanamke, naenda peke yangu kwa wiki mbili. Kuna la ziada?

Mwandishi: Hapa nampisha dada Salha_wa_Vitenge, yeye anafuata mzigo huko, anajua kuliko mimi.

Salha_wa_Vitenge: Karibu mdogo wangu. Kulala, angalia Osu, Labone au Cantonments, na chumba kisiwe cha chini kabisa. Wanaume watakwambia "nataka kukuoa" kabla hujamaliza kusalimiana. Mara nyingi ni utani, nawe jibu kwa utani, mwambie mahari ni ng'ombe arobaini na baba yangu hapendi wakonde. Asiyecheka, huyo ondoka. Usiseme unapolala wala kwamba uko peke yako, "kaka yangu ananisubiri" inatosha. Na mtaa wowote unaokaa, siku ya kwanza nunua chakula kwa mama anayeuza hapo nje, mwite Auntie, msalimie kila asubuhi. Mimi kuna kijana alinifuata kutoka kituoni jioni. Nikaenda kukaa kwenye benchi la Auntie wa waakye bila kusema neno. Alimtazama yule kijana, akaacha mwiko ndani ya sufuria, akamsemesha Kitwi maneno kama matatu. Sikumwona tena.

BintiChaani: Jamani asante dada! Hiyo waakye ni nini?

Salha_wa_Vitenge: Wali na maharage vimepikwa pamoja na majani yanayoupa rangi nyekundu ya kahawia. Omba shito kidogo, ile pilipili nyeusi ya samaki. Nenda asubuhi, mchana nzuri imeshaisha. Na sokoni ukitajiwa bei sema "te so", yaani punguza. Hela toa na pokea kwa mkono wa kulia. Wa kushoto wanachukia kama sisi tu.

Mwandishi: Bei ukiuliza kwa Kiingereza cha kwetu inapanda papo hapo. Mwache Salha aulize.

Mpita_Njia: Nikitaka kuunganisha mpaka Lomé?

Mwandishi: Barabara moja tu ya pwani, mpaka unaitwa Aflao. Fika asubuhi, masharti ya viza ya Togo uwe umeshayaulizia, kadi ya manjano mkononi. Vijana watataka kukushikia pasipoti "wakusaidie foleni". Usimpe asiye na sare na dirisha. Cedi zako zibadilishe kidogo tu kwa faranga za CFA, hesabu mwenyewe kabla ya kutoa zako. Ng'ambo ni Kifaransa na Kiewe, na bodaboda zao zinaitwa zemidjan. Bei patana kabla ya kupanda, helmeti uliza, ingawa mara nyingi anayo yeye tu.

Salha_wa_Vitenge: Na chaja zenu za pini tatu za nyumbani zinaingia Accra, Lomé haziingii. Nunueni adapta Makola kabla ya kuvuka.