Kucheza tenisi ukiwa na wasiwasi: namna ya kuutuliza mwili na kuzitumia sekunde kati ya pointi

Mchezaji anayepiga vizuri mazoezini lakini akaharibu siku ya mechi kwa kawaida hana tatizo la mapigo. Mkono ni uleule, raketi ni ileile, na pengine hata mpinzani ni yule anayemshinda kila wanapocheza bila kuhesabu. Kilichobadilika ni kwamba sasa wanahesabu, na hesabu ya tenisi humweka mtu pagumu: hakuna saa itakayomaliza mchezo kwa niaba yako, hakuna sare, hakuna mwenzako wa kumpasia mpira miguu inapokuwa mizito, na hata ukiongoza kwa mbali huwezi kukaa ukasubiri muda upite.

Wasiwasi huu hauwapati wanaoanza peke yao. Katika fainali ya wanawake ya Wimbledon mwaka 1993, Jana Novotná alikuwa akimwongoza Steffi Graf kwa gemu 4 dhidi ya 1 katika seti ya tatu na ya mwisho (seti kwa kawaida hutwaliwa na anayefikisha gemu 6 akiwa mbele kwa gemu mbili), na alibakiza pointi moja tu ili aongoze 5 kwa 1. Akakosea majaribio yote mawili ya kuanzisha, yaani ya pigo linalofungua pointi, akaipoteza pointi hiyo na kisha gemu, na hakushinda gemu nyingine yoyote hadi mechi ilipokwisha. Taji hilohilo alilitwaa mwaka 1998, jambo linalopaswa kumtia moyo yeyote anayedhani kwamba mikono ikishamtetemeka mbele za watu basi hafai kwa mashindano.

Kwa hiyo mwongozo huu hauahidi kuuondoa wasiwasi. Unaeleza la kufanya ukiwa nao, na unatilia mkazo muda ambao wachezaji wengi huuacha upotee bure, yaani ule ulio kati ya pointi moja na nyingine.

Anza na mwili

Mtu aliyeshikwa na wasiwasi akiambiwa atulie hatulii, kwa sababu agizo hilo linapelekwa akilini ilhali tatizo limeshafika mwilini. Homoni ya adrenalini imeshaachiliwa, moyo unakwenda mbio, pumzi ni fupi na inaishia kifuani, na misuli imekaza. Uwanjani hali hiyo hujionyesha wazi: vidole vinaibana raketi kupita kiasi, pigo linakatishwa kabla halijafika mwisho, miguu inaganda, na macho yanauacha mpira mapema ili kuchungulia unakokwenda. Mpira unagonga wavu au unaangukia katikati ya uwanja ukiwa hauna nguvu, na mchezaji anajiambia kwamba leo bekihendi yake, yaani pigo la upande wa pili wa mkono wake wa kupigia, imekataa, kumbe kilichokataa ni vidole.

Ushughulikie mwili kwanza, basi, na akili itafuata. Kila pointi inapokwisha, ihamishie raketi kwenye mkono usiotumia kupigia, ili vidole vya mkono wa kupigia vifunguke na bega lishuke. Kabla ya pointi inayofuata, jipimie mwenyewe nguvu unayoishikia raketi kwa kipimo cha 1 hadi 10. Ukijikuta kwenye 8 au 9, legeza hadi 4 hivi, kisha uache mkono uongeze kidogo wenyewe wakati wa kupiga. Unaposubiri kupokea, rukaruka kwa vidole vya miguu hata kama unajiona unachekesha. Toa pumzi kila raketi inapokutana na mpira, kwa sauti au kimya, kwani wachezaji wengi wenye wasiwasi huizuia pumzi katika pigo bila kujua na huishia kuchoka kabla ya wakati.

Kuhusu mapigo yenyewe, sikubaliani na ushauri unaosikika sana pembeni mwa viwanja, wa "usikosee, rudisha tu." Mchezaji mwenye wasiwasi akijaribu kurudisha tu, hupunguza mwendo wa raketi, na raketi inayokwenda polepole haiupi mpira ule mzunguko wa kwenda mbele unaoushusha ndani ya uwanja, hivyo makosa huongezeka badala ya kupungua. Tahadhari iwe katika mahali unapolenga, na mkono uendelee kupiga kwa uhuru. Lenga juu zaidi ya wavu kuliko kawaida yako, na upige mshazari badala ya kuufuata mstari wa pembeni. Sababu yake imo katika vipimo vya uwanja: wavu una sentimita 91.4 tu katikati lakini sentimita 107 kwenye nguzo, na uwanja ukipimwa kwa mshazari ni mrefu zaidi. Yaani pigo lilelile, kwa nguvu ileile, linapewa nafasi kubwa zaidi ya kuingia.

Sekunde 25

Kanuni za kimataifa za tenisi zinaruhusu sekunde 25 kutoka mwisho wa pointi hadi kuanza kwa nyingine. Pointi nyingi zenyewe huisha haraka kuliko hapo, maana yake ni kwamba kwa sehemu kubwa ya mechi mpira hauchezwi kabisa, na mchezaji yuko peke yake na mawazo yake. Jim Loehr, mwanasaikolojia wa michezo kutoka Marekani, alijulikana sana kwa kuyachunguza yale wanayoyafanya wachezaji bora katika kipindi hicho, na kwa kupendekeza utaratibu unaotosha ndani ya sekunde 16. Si lazima kuufuata utaratibu wake hatua kwa hatua, lakini wazo la msingi ni sahihi: muda huo uwe na mpangilio unaoujua kwa moyo, kwa kuwa usipoupangia kazi, wasiwasi utajipangia wenyewe.

Mpangilio ninaoupendekeza ni huu. Mpira ukishakufa, geuka na uupe wavu mgongo, iwe umeshinda au umeshindwa, na utembee kuelekea nyuma ya mstari wa mwisho ukiwa umeinua kichwa na mabega. Kama pointi imekuudhi, hapa ndipo pa kuudhika, lakini udhia uishie kabla hujafika kule nyuma. Kisha yatulize macho yako kwenye nyuzi za raketi, kwa kuwa macho yanayozungukazunguka, yakamtazama mzazi, kocha au mtu aliyesimama karibu na uzio, huleta mawazo mapya kila yanapotua. Vuta pumzi kwa pua, kisha itoe polepole kwa muda mrefu zaidi ya ulivyoivuta. Ni huko kuitoa taratibu kunakosaidia mapigo ya moyo kushuka, wala si kuvuta pumzi kubwa kama wengi wanavyofanya. Pumzi mbili zinatosha.

Baada ya hapo amua jambo moja. Kama ni wewe unayeanzisha, amua mpira wako utaangukia wapi na pigo lako litakalofuata mpinzani akirudisha litakwenda wapi. Kama unapokea, amua utakaporudishia. Uamuzi uwe mmoja na mfupi, wa aina ya "mshazari, juu ya wavu," na ukishaufanya usiubadilishe katikati ya mwendo wa raketi, kwa sababu pigo lililobadilishiwa nia njiani huharibika karibu kila mara, hata mikononi mwa mchezaji hodari.

Mwisho ni desturi ya kuanzisha: kuudundisha mpira mara zilezile, kusimama vilevile, kupumua mara moja, kurusha. Desturi hii ina faida moja kubwa, kwamba humpunguzia kasi mtu mwenye wasiwasi, ambaye huharakisha bila kujijua, akitamani pointi imalizike upesi ili ateremshe mzigo. Pigo la kuanzisha ndilo pekee katika tenisi ambalo hakuna anayekusukuma. Mpira uko mkononi mwako na utaurusha utakapokuwa tayari. Ukikosea la kwanza, usirukie la pili. Rudia desturi yako yote, pumzi na midundo, kisha upige la pili kwa mkono mwepesi na mzunguko mwingi, kwani la pili linalosukumwa kwa woga ndilo linalozaa makosa mawili ya mfululizo.

Kila mnapobadilishana upande mnapata sekunde 90, isipokuwa baada ya gemu ya kwanza ya seti na katikati ya tai-breki (gemu maalumu ya kuamua seti wachezaji wanapolingana kwa gemu), ambapo hampumziki. Kaa kitini, jifute jasho, kunywa maji, na ujiulize swali moja tu: pointi zangu napoteza wapi? Hakuna haja ya kuipitia mechi nzima.

Hesabu na hasira

Roger Federer, alipozungumza na wahitimu wa Chuo cha Dartmouth mwaka 2024, aliwaambia kwamba katika mechi zake 1,526 za mchezaji mmoja mmoja alishinda karibu asilimia 80, lakini katika pointi zote alizocheza alishinda asilimia 54 tu. Mchezaji wa klabu anayekunja uso kila apotezapo pointi aitafakari hesabu hiyo vizuri, kwa kuwa hata bingwa wa kiwango kile alipoteza karibu nusu ya pointi zake. Tena pointi hazina uzito sawa. Katika fainali ya Wimbledon ya mwaka 2019 Federer alishinda pointi 218 na Novak Djokovic 204, na bado Djokovic ndiye aliyeondoka na kombe, baada ya kuokoa pointi mbili za ubingwa.

Hatari kubwa zaidi hutokea unapoongoza. Akili huanza kupiga mahesabu, gemu mbili tena, halafu nitawaambia nini nyumbani, na mchezaji anageuka mlinzi wa uongozi wake. Dalili ya kwanza ni kuacha kufanya kile kilichokupa uongozi. Ukijihisi hivyo, rudi kwenye uamuzi mmoja wa pointi iliyopo, na ukumbuke kwamba mpinzani aliyebakiza kidogo kushindwa mara nyingi hupiga kwa uhuru, hivyo pointi zake nzuri chache hazimaanishi kwamba mchezo wako umevunjika.

Hasira hutaka uangalifu wa pekee katika mechi zisizo na mwamuzi, ambamo kila mchezaji huamua mipira inayoangukia upande wake na shaka yoyote humpa faida mpinzani. Utakutana na uamuzi unaouona si wa haki. Muulize mara moja kwa adabu kama ana uhakika. Akisema anao, chezeni pointi inayofuata. Anayeendelea kubishana moyoni kwa gemu tatu amepoteza zaidi ya ile pointi moja.

Kuyazoea mazoezini

Utaratibu wa sekunde 25 hauwezi kuanzia siku ya mashindano. Uufanye mazoezini, hata kama wenzako wanaona unawachelewesha. Chezeni gemu zinazoanzia 30 kwa 30, yaani kila mmoja akiwa na pointi mbili, au gemu ambazo mwanzishaji anaruhusiwa pigo moja tu la kuanzisha, au malizeni kila mazoezi kwa tai-breki ambayo mshindwa ataokota mipira yote. Njia nyingine nzuri ni kukimbia kwa kasi kutoka mstari hadi mstari mara kadhaa, kisha kuanzisha papo hapo moyo ukiwa bado unadunda, kwa sababu hivyo ndivyo utakavyojihisi gemu zikiwa 5 kwa 5.

Siku ya mechi yenyewe haihitaji mengi. Pasha mwili joto hadi utoke jasho kabla ya kuingia uwanjani, maana dakika 5 za kupigiana mipira na mpinzani hazitoshi, na katika gemu mbili za mwanzo cheza mapigo yako ya kuaminika zaidi, ukiiacha miguu na mikono izoee.

Mechi ikishakwisha, andika sentensi chache kabla hujalala: ni pointi zipi ulizoharakisha, mwili ulikaza wapi, na utaratibu uliuacha lini. Usiandike matokeo, hayo utayakumbuka tu. Ukiona kwamba wasiwasi unakunyima usingizi siku nyingi kabla ya mechi, unakutapisha, au unakufanya uuchukie mchezo, usiuvumilie peke yako. Iga Świątek alipokuwa akipanda hadi namba moja duniani alisafiri na mwanasaikolojia wake, Daria Abramowicz, kama sehemu ya kawaida ya timu, na mchezaji wa kiwango chochote anaweza kumtafuta mtaalamu wa aina hiyo au kuanza kwa kumweleza kocha wake wazi.